Mkokoteni Upite Kwanza

Kabla ya kamera kuna nguzo. Ni nguzo ya chuma ya mashine ya kukuzia picha, ile iliyokuwa ikikaa ndani ya chumba cha giza zama za filamu na kumulika negativu juu ya karatasi. Kichwa chake cha taa kilishang'olewa. Mahali pake pamefungwa bapa la alumini lenye skrubu moja, na kwenye skrubu hiyo imekazwa kamera, lenzi ikitazama chini ubaoni. Gurudumu la pembeni lingali zima: likizungushwa, kamera hupanda au hushuka taratibu, likiachwa, kamera hubaki palepale ilipofika. Anayepiga picha ya kitu kidogo huanza kwa kutafuta kitu kisichotikisika, na chuma hiki kizito, kilichotengenezwa kwa kazi nyingine kabisa, hakitikisiki.

Mombasa ilikuwa na vyumba vya giza vya kutosha. Studio ya Parekh peke yake iliwapiga picha watu wa mji huu tangu miaka ya 1940 hadi miaka ya 1980: maharusi, familia, marafiki wawili waliotaka kukumbukwa pamoja. Filamu ilipokwisha, mashine za namna hii zilikosa kazi, na chuma kisicho na kazi huuzwa kwa kilo. Hii ilinusurika kwa sababu kuna mtu aliyeitazama nguzo badala ya taa.

Sasa imesimama kwenye chumba cha ghorofani Biashara Street, juu ya duka la leso. Huko chini leso zimetundikwa doti kwa doti hadi juu ya milango, wanawake wanayasoma majina yake kwa sauti kabla ya kuuliza bei, na mikokoteni ya majora ya nguo hupita saa inayotaka yenyewe. Mtaa huu umezoea macho makali. Duka la Kaderdina Hajee Essak, ambalo leso zake hujulikana kwa chapa ya Mali ya Abdulla, lilianza mwaka 1887, na hadi leo mnunuzi anayejua anachonunua huugeuza upindo wa leso akague kama rangi imepenya upande wa pili.

Mwenye nguzo, fundi wa kazi hii, ni mwanamke wa makamo, mpiga picha wa harusi. Katika harusi za Waswahili mwanamume mwenye kamera hana njia ya kuingia kwenye usiku wa wanawake, kwa hivyo kazi hiyo ina wenyewe, naye ni mmoja wao. Vitu vidogo vilimjia kwa mlango huohuo: kwanza mikufu na vipuli vya bibi harusi, halafu vipini vya puani, halafu sarafu. Siku niliyokaa naye alikuwa na binti wa kaka yake, msichana aliyemaliza shule na anayejifunza kamera, pamoja na mzee mmoja wa Mji wa Kale aliyeleta reale, rupia, pesa na senti zake katika mkebe wa biskuti, kila moja ndani ya bahasha ndogo ya karatasi.

Mzee hauzi. Wanawe wako ng'ambo, na yeye ataka daftari lenye picha ya kila sarafu, uzito wake na hali yake, ili wazijue akiwa bado yupo wa kuulizwa. Sarafu zenyewe hazitoki. Sheria ya Makavazi na Turathi za Kitaifa ya mwaka 2006 huhesabu kuwa ni kitu cha kale chochote kinachohamishika, mbali na vitabu na hati, kilichotengenezwa Kenya au kuletwa Kenya kabla ya mwaka 1895, na kukipeleka nje kwahitaji kibali. Picha husafiri bila kibali.

Ya kwanza kutoka kwenye bahasha ilikuwa reale ya Sham, fedha ya takriban gramu 28 yenye sura ya Maria Theresa wa Austria. Mwaka ulioandikwa juu yake ni 1780. Ugumu wa kazi umekaa hapo, kwa sababu reale zote za aina hii zimeandikwa 1780. Malkia huyo alifariki mwaka huo, lakini wafanyabiashara wa Bahari ya Shamu na wa pwani zetu walikuwa wameshaizoea sarafu yake hata hawataki nyingine, basi viwanda vikaendelea kuipiga kwa tarehe ileile: Vienna, na katika karne ya 20 Roma, London, Paris, Bombay na Birmingham pia. Mkusanyaji anayetaka kujua reale yake imetoka kiwanda gani hutazama mambo madogo sana: manyoya ya mkia wa tai, lulu za bruchi ya begani, nukta zilizo baina ya herufi. Picha iliyofifia haimfai kitu. Picha iliyorembwa itamdanganya, na huko ni kubaya zaidi.

Fundi aliitwaa reale kwa ukingo, baina ya kidole gumba na cha shahada, mikono yake ikiwa juu ya taulo lililokunjwa ili sarafu ikiponyoka iangukie palipo laini. Akaipuliza vumbi kwa mpira wa kupulizia, huu upande, na huu. Hakuifuta. Mzee alisimulia jinsi watu walivyokuwa wakizisugua fedha kwa ndimu na majivu siku za Idi zikang'aa, na fundi akatikisa kichwa huku akiendelea kupuliza. Weusi uliotuama miaka mingi kwenye mikunjo ya nywele na miguuni mwa herufi ndio unaoifanya sura isomeke; ukiondolewa haurudi, na mtu wa sarafu akiona mng'ao wa kusuguliwa huishusha thamani papo hapo.

Reale haikulazwa juu ya kitambaa. Fundi ana kifungo cha koti alichopewa na mshoni wa jirani, amekigundisha juu ya kipande kifupi cha penseli na kukisimamisha katikati ya ubao. Sarafu hukaa juu ya kifungo, sentimita chache kutoka kwenye kitambaa cheusi kilichotandikwa chini. Hivyo kivuli chake huangukia mbali, nyuzi na vumbi la kitambaa hupotea kwenye ukungu, na sarafu huonekana peke yake.

Lakini kabla ya sarafu kupanda kifungoni, hupanda kioo. Ni kipande cha kioo bapa, kisichozidi kiganja. Msichana alikiweka, akawasha kamera, na kwenye skrini ya nyuma lenzi ikajiona yenyewe: duara jeusi ndani ya duara jeusi. Duara hilo lilikuwa limejitenga kidogo upande wa kushoto. Maana yake ni kwamba kamera na kifungo havikuwa sambamba, na sarafu ingetoka kali upande mmoja na dhaifu upande wa pili, tena ikiwa na umbo la yai kwa kiasi ambacho jicho halioni ila rula huona. Msichana alikunja karatasi akaitia chini ya pembe ya ubao. Duara likasogea, likapita katikati, likaenda kulia. Akaikunjua karatasi mara moja. Shangazi yake hakusema neno wala hakunyoosha mkono. Alikuwa akipanga bahasha. Ilichukua muda mrefu, na duara lilipotua katikati ya mistari ya skrini, msichana alishusha pumzi, na bado shangazi akaja kutazama mwenyewe.

Lenzi ni ya milimita 100, iliyotengenezwa kwa ajili ya vitu vya karibu. Ina uwezo wa kukiweka kitu kwenye sensa kwa ukubwa wake halisi, milimita kwa milimita, lakini sensa ya kamera hii ina upana wa milimita 22 na kimo cha milimita 15 hivi, na reale ina kipenyo cha karibu milimita 40. Haiingii. Gurudumu likazungushwa, kamera ikapanda hadi sarafu ilipotosha ndani ya fremu ikiwa na nafasi kidogo pande zote, yaani kwa theluthi ya ukubwa wake. Kwa kamera ya pikseli milioni 24, kila milimita ya reale hupata pikseli kama 90. Mkwaruzo usiofika sehemu ya kumi ya milimita unaonekana, na unaonekana vizuri.

Halafu mwanga, na hapo ndipo fundi alipovuta kiti.

Alianza kwa kuuondoa. Alizima taa ya dari. Akafunga mbao za dirisha, kwa sababu jua la saa nne asubuhi lilikuwa likipiga leso nyekundu zilizotundikwa ng'ambo ya mtaa na wekundu wake ulikuwa ukiingia chumbani. Mtu hauoni, amezoea, ila fedha haikufichi kitu, na kwenye skrini shavu la Maria Theresa lilikuwa limeiva rangi ya waridi. Dirisha lilipofungwa, wekundu ukatoka. Ukabaki weupe mmoja, umekaa kama utepe juu ya nywele. Fundi aliutazama, akageuka.

"Ami, uniwie radhi, kanzu yako yaingia ndani ya reale."

Mzee alicheka, akarudisha kiti nyuma mpaka ukutani, na utepe ukafutika. Yeye mwenyewe fundi hana tatizo hilo. Wapiga picha wengi wa vyombo vya fedha huvaa nguo nyeusi ili wasijione ndani ya kazi yao. Yeye amevaa buibui.

Baada ya giza kukamilika, ziliwashwa taa mbili za LED zenye shingo za kupindika, za aina moja, zilizonunuliwa pamoja. Kuchanganya taa za aina mbili ni kuipa sarafu moja rangi mbili, na hakuna kitufe cha kamera kinachoweza kuzipatanisha. Mbele ya kila taa pametundikwa karatasi ya kunakilia ramani, ile inayopitisha mwanga, ili mwanga ufike umelainika. Taa moja iliwekwa upande wa saa nne, ya pili upande wa saa nane, zote zikiwa juu, karibu na lenzi. Msichana alizisogeza, fundi akazirudisha. Taa zikishuka sana, kila mkwaruzo hupata kivuli na sarafu nzima huonekana mbovu kuliko ilivyo. Zikipanda sana, sura hulala, pua haina kivuli, malkia huwa mtu aliyechorwa. Baina ya mipaka hiyo miwili kuna nafasi ya vidole vichache, na fundi alikuwa akiitafuta huku macho yake yakiwa kwenye skrini na mkono wake kwenye shingo ya taa, akiisogeza kidogo, akiachia, akitazama, akiisogeza tena.

Ilipofika mahali pake niliona kabla hajasema. Mikunjo ya shela ikajitenga na nywele, na lulu za bruchi zikahesabika moja moja.

Ndipo kamera yenyewe ikapewa maagizo. Nimesikia vijana wengi wakiizungumzia kamera kana kwamba siri imo ndani ya namba zake. Hapa namba zilikuja mwisho, na zilikuja upesi. Kadi ya kijivu ilikaa juu ya kifungo, ikapigwa picha, kamera ikaambiwa kwamba rangi hiyo ndiyo kijivu. Tangu hapo fedha ikawa nyeupe ya fedha, si ya buluu wala ya manjano. Kidude cha juu kikageuzwa kwenye herufi M, kwa sababu kamera ikiachiwa kujiamulia itaona kitambaa cheusi, itadhani pana giza, itaongeza mwanga, na reale itaungua iwe doa jeupe. ISO ikawekwa 100, ya chini kabisa, kwani ikipandishwa picha hupata chengachenga, na kwenye sarafu chengachenga hudhaniwa ni vijishimo vya kutu. Swichi ya lenzi ya kuzuia mtikisiko ikazimwa. Juu ya nguzo thabiti haina cha kuzuia, na ikikosa kazi huweza kuleta mtikisiko wake yenyewe. Picha zihifadhiwe ghafi, kama zilivyotoka kwenye sensa, zisibanwe.

Palibaki tundu la lenzi, na hapo msichana alikuwa na hoja. Alijua kwamba namba ikiwa kubwa tundu huwa dogo, na tundu likiwa dogo sehemu kubwa zaidi ya kitu hutoka kali, mbele na nyuma. Basi kwa nini tusiende moja kwa moja f/22?

"Piga," shangazi alimwambia. "Halafu piga f/8. Tutazame zote."

Zilipigwa zote mbili, zikakuzwa zikiwa ubavu kwa ubavu kwenye kompyuta. Katika ya f/22 reale yote ilikuwa sawasawa kutoka ukingo hadi ncha ya pua, na yote ilikuwa laini, kingo za herufi zimelegea. Mwanga ukilazimishwa kupita kwenye tundu jembamba hupinda kandoni mwake na kusambaa, na hakuna lenzi, hata iwe ghali kiasi gani, inayoweza kuukatalia. Tena kwa vitu vya karibu jambo hilo huzidi: lenzi ikisogea hivi, tundu hufanya kazi kana kwamba ni dogo kuliko namba yake. Kwa reale hii f/8 ilikuwa sawa na f/11 hivi. Kwa kitu kinachopigwa kwa ukubwa wake halisi, f/8 huwa f/16. Katika picha ya f/8 herufi zilikuwa zimekatwa kwa kisu. Sarafu ni bapa, haihitaji kina kikubwa, na kwa umbali huu f/8 ilitoa milimita tatu na zaidi za ukali, ambazo zaitosha sura ya malkia kwa ziada. Msichana aliangalia moja, akaangalia nyingine, akairudisha namba kwenye 8 bila kuambiwa. Nadhani ndiyo namna bora ya kufundisha niliyowahi kuiona, na haikuzidi maneno sita.

Kwa mwanga ule, ISO ile na tundu lile, kasi ya shata iliangukia robo ya sekunde. Ni muda mrefu mno kwa kamera ya mkononi. Hata kwa kamera ya nguzoni si muda wa kudharau, kwani sakafu ya ghorofa hii ni ya mbao.

Fokasi ilifanywa kwa mkono. Skrini ilikuzwa mara 10, ikasogezwa hadi kwenye nywele zilizo juu ya sikio, ambazo ziko baina ya sehemu iliyoinuka kabisa na uwanda wa sarafu, na fundi akazungusha pete ya lenzi mbele kidogo, nyuma kidogo, mbele nusu ya kidogo. Kisha akaweka saa ya kamera isubiri sekunde 10 baada ya kitufe, ili mtikisiko wa kidole utulie kabla ya shata kufunguka. Akainua mkono. Msichana akaacha kutembea. Mzee akaacha kutafuna halua.

Mkokoteni ukasikika.

Ulikuwa ukija kutoka upande wa Digo Road, msukumaji akipiga ukelele watu wampishe, magurudumu yakigonga lami iliyobomoka. Fundi hakubonyeza. Alibaki na mkono hewani, kichwa ameinamisha upande, akisikiliza. Mkokoteni ukapita chini ya dirisha na kwenye skrini iliyokuzwa mara 10 nikaona nywele za Maria Theresa zikitetemeka, tetemeko dogo ambalo miguu yangu haikulihisi. Ukaenda zake. Tuktuk mbili zikafuata. Fundi akazisubiri nazo. Halafu mtu chini akateremsha jora kwa kishindo, naye akasubiri hicho pia, hana uso wa kuudhika, anangoja tu, mpaka nywele zikatulia. Akabonyeza. Sekunde 10. Shata ikafunguka na kujifunga kwa sauti ya kucha kugongana.

Alipiga tena palepale, na mara ya tatu, bila kubadilisha lolote. Picha moja huweza kuwa imekutana na mtikisiko ambao hakuna aliyeusikia.

Kwenye kompyuta alifungua kwanza histogramu, ile michoro ya milima inayoonyesha giza upande wa kushoto na mwanga upande wa kulia. Mlima wa kulia ulikuwa umesimama kabla ya ukuta. Hakuna palipoungua. Ukingo wa mwisho wa bega, palipong'aa kuliko pote, bado palikuwa na mistari ndani yake.

Kwa upande wa tai alibadilisha mtindo. Uwanda wa upande huo ulikuwa haujachakaa, uling'aa kama kioo, na taa za pembeni zilikuwa zikiacha madoa mawili. Fundi alichukua kioo kilichotolewa kwenye fremu ya picha, kile cha kawaida kinachopitisha mwanga, akakiinamisha kwa nyuzi 45 baina ya lenzi na sarafu, akazima taa moja na kuielekeza ya pili kioo kile kutoka ubavuni. Mwanga hugonga kioo, sehemu yake hurudi chini ikaishukia reale wima, na lenzi huitazama reale kupitia kioo hichohicho. Uwanda wote ukawa mweupe kwa mara moja, na tai akasimama juu yake akiwa mweusi, unyoya kwa unyoya, mkia mzima. Mwanga mwingi hupotea njiani, kwa hivyo shata ilibidi ikae wazi sekunde mbili. Sekunde mbili Biashara Street, mchana! Mikokoteni minne ilipita kabla ya fundi kuridhika. Hata hivyo aliitunza pia ile picha ya taa za pembeni, kwani ya kioo humpendelea tai na kuificha mikwaruzo ya uwandani, na daftari la mzee lataka vyote.

Pesa za shaba zilikwenda haraka zaidi. Shaba iliyozeeka haing'ai, haijioni, haina ugomvi na kanzu ya mtu. Pesa ya Mombasa ya Imperial British East Africa Company, iliyoandikwa miaka miwili, 1888 na 1306 wa Hijria, ilipigwa mbele na nyuma kwa mpangilio uleule, isipokuwa kamera iliteremshwa na shata ikaongezwa, maana shaba hunywa mwanga. Senti 10 ya mwaka 1936, yenye tundu katikati na pembe za ndovu pembeni, mzee aliitoa kwa fahari. Ina jina la Edward wa Nane, mfalme aliyeacha kiti Desemba ya mwaka huohuo kabla hajavikwa taji. Sarafu hizi hazikuwa na sura ya mfalme bali jina tu, kwa hivyo ziliwahi kupigwa na kuingia mifukoni mwa watu huku, wakati Waingereza wenyewe hawakuwahi kuitumia shilingi yenye sura yake. Lililohitajika hapo ni herufi ndogo ya kiwanda, H au KN. Msichana aliikuza, akaisoma, akaiandika.

Iliyotusimamisha ni pesa ya Sayyid Barghash, sultani wa Zanzibar, ya mwaka 1299 wa Hijria. Upande mmoja ina maandishi ya Kiarabu, upande wa pili ina mizani. Nasema ina mizani kwa kuwa pesa za aina hii zote zinayo. Katika hii hapakuonekana kitu. Ilikuwa kipande cha shaba kilichopita mikononi hadi kikawa laini. Chini ya taa mbili ilitoka kama ilivyo kiganjani, hudhurungi tupu, na fundi akaipiga hivyo. Halafu akazima taa ya kulia, akaishusha ya kushoto mpaka ikalala karibu na ubao, akatoa karatasi ya mbele yake ili mwanga uwe mkali. Mwanga ukapita juu ya uso wa shaba ukiuparaza tu. Fundi akaizungusha pesa kwa ncha ya kijiti, polepole, bila kuiinua. Kwanza ukatokea mstari mmoja wa mlalo. Akaizungusha tena. Kamba zikashuka kutoka ncha zote mbili za mstari, na chini ya kamba, nyembamba kama ukucha wa mtoto, vitanga viwili.

"Allahu Akbar," mzee alisema, akiwa ameshafika mezani na kanzu yake.

Picha zote mbili zimo daftarini, ile tupu na ile yenye mizani, na chini ya kila moja pameandikwa taa ilikuwa wapi.

Walipomaliza, fundi alizirudisha lenzi kwenye sanduku la plastiki lenye kifuniko cha kubana, pamoja na mfuko wa chembe za silika. Hewa ya kisiwani ina unyevu wa bahari mwaka mzima, na lenzi ikiachwa wazi huota kuvu ndani ya vioo, mizizi myeupe isiyofutika. Msichana alikuwa tayari kwenye kompyuta akizipa picha majina: namba ya bahasha, aina ya sarafu, upande. Kila sarafu ilikuwa imepimwa asubuhi kwa mizani ya sonara, na kwenye nafasi ya hali alikuwa ameandika maneno yake. Reale: safi.

Alisimama kwenye picha ya reale. Juu kabisa, upande wa saa sita, palikuwa na vijidoa viwili vya kijivu vilivyokaribiana, havina mng'ao wa fedha. Aliuliza kama avifute. Programu ina brashi ya kufutia madoa, ni kazi ya kubofya mara mbili.

Fundi aliinama akatazama. "Hiyo ni lehemu," alisema. "Ami, hii reale ilikuwa na kikuku cha kupitishia mkufu?"

Mzee alivaa miwani. Alisema yeye aliikuta sandukuni kwa nyanya yake ikiwa hivyo, hakuwahi kuona kikuku. Akanyamaza, kisha akasema nyanya yake alikuwa na picha moja aliyopigwa akiwa bado kigori, na shingoni mwake palikuwa na kitu cha mviringo, ambacho wao siku zote walidhani ni hirizi.

Basi lenzi ikatoka tena sandukuni. Safari hii kamera iliteremshwa mpaka karibu kabisa, kwa ukubwa halisi, na reale ikasimamishwa kwa ukingo baina ya vipande viwili vya raba ili lehemu itazame juu. Kwa umbali huo f/8 haitoi hata milimita moja ya ukali, na ukingo umepinda, kwa hivyo fundi alipiga picha mfululizo, kila moja fokasi ikiwa imeshuka unywele mmoja, za kuunganishwa baadaye ziwe picha moja iliyo kali yote. Baina ya picha na picha mikokoteni ilipita nao wakaingoja. Herufi za Kilatini za ukingoni zilitokea mojamoja, na mahali zilipokatika palikuwa na lehemu, na juu ya lehemu mistari ya tupa ya sonara aliyekitoa kikuku.

Msichana alifungua daftari, akakata neno "safi", akaandika: "ilivaliwa shingoni, kikuku kimetolewa kwa tupa".